Pumu: Jinsi vifaa vya kuvaliwa vinavyofuatilia pumzi ya mgonjwa

PUMU ni ugonjwa wa muda mrefu unaoshambulia njia za hewa ziendazo mapafuni. Njia hizo huvimba kwa ndani, misuli inayozizunguka hujikaza, na ute mzito huziziba. Matokeo yake ni kikohozi, kifua kubana, pumzi kukatika, na mlio kama wa filimbi mgonjwa anapotoa hewa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba watu milioni 262 waliugua pumu mwaka 2019 na kwamba iliwaua watu 455,000 mwaka huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako mara nyingi ugonjwa haugunduliwi na dawa zake ni adimu.

Jambo linalowatatiza matabibu ni kwamba pumu hubadilika-badilika. Mtu anaweza kuonekana mzima saa nne asubuhi akiwa mbele ya daktari, ilhali saa tisa usiku alikuwa ameketi kitandani akihangaika kutafuta pumzi. Daktari humwona kwa dakika chache, pengine mara mbili au tatu kwa mwaka. Siku zilizosalia hazina shahidi ila mgonjwa mwenyewe na kumbukumbu yake.

Pengo hilo ndilo linalojaribu kuzibwa kwa vihisi. Hivi ni vifaa vidogo vinavyotambua mabadiliko ya mwili au ya hewa, vikayageuza kuwa tarakimu na kuzituma kwenye simu ya mkononi. Vingine huvaliwa kama saa, vingine hubandikwa kifuani, na vingine hufungwa kwenye inhela. Manufaa yake ni ya kweli, lakini yana mipaka ambayo mgonjwa anapaswa kuijua kabla ya kutoa pesa zake.

Ugonjwa unaomzoesha mgonjwa

Hatari moja kubwa ya pumu ni kwamba mtu huizoea. Njia za hewa zikipungua upana polepole kwa siku kadhaa, mgonjwa hupunguza shughuli zake bila kujua. Hupanda ngazi taratibu, huacha kucheza mpira, hulala ameinua mito. Akiulizwa hali, husema hajambo. Wapo hata ambao hawahisi ugumu wa kupumua wakati kipimo kinaonyesha kwamba nguvu ya pumzi yao imeshuka sana. Shambulio likija, huonekana kama limezuka ghafla. Dalili ya mvua ni mawingu, ila mawingu haya hukusanyika ndani ya kifua, mahali pasipoonekana kwa macho.

Uchunguzi wa kitaifa wa vifo vya pumu uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulichambua kwa kina vifo 195. Asilimia 45 ya marehemu hawakuwa wametafuta msaada wa kitabibu katika shambulio lao la mwisho, au walifariki kabla ya huduma ya dharura kuwafikia. Hii ni nchi yenye hospitali nyingi na matibabu yanayogharimiwa na serikali. Kilichokosekana kwa wengi ni onyo la mapema na mtu wa kulitilia maanani.

Ili kuelewa onyo hilo lingetoka wapi, ni muhimu kutofautisha aina mbili za inhela. Ya kwanza ni ya nafuu, ambayo kwa kawaida huwa na dawa ya salbutamol. Hulegeza misuli ya njia za hewa kwa dakika chache. Ya pili ni ya kinga, yenye dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hupunguza uvimbe siku baada ya siku. Ya nafuu humridhisha mgonjwa papo hapo. Ya kinga haimwonyeshi kazi yake leo wala kesho, kwa hivyo wengi huiacha wanapojiona wamepona.

Uchunguzi huo wa Uingereza uliwatazama pia wagonjwa waliokuwa wakitumia inhela ya nafuu na ambao idadi ya inhela zao ilijulikana. Asilimia 39 kati yao walikuwa wameandikiwa zaidi ya inhela 12 katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Idadi hiyo pekee ilitosha kuonyesha kwamba uvimbe haukuwa ukitibiwa. Mwaka 2019 shirika linalotoa mwongozo wa kimataifa kuhusu pumu, GINA, lilishauri kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe tena kwa inhela ya nafuu pekee, bali wapewe pia dawa ya kinga.

Kutoka spirometa hadi saa ya mkononi

Wazo la kupima pumzi si geni. Mwaka 1846 daktari John Hutchinson wa Uingereza alieleza matumizi ya spirometa, chombo kilichopima kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukitoa baada ya kujaza mapafu. Mwaka 1959 Martin Wright, ambaye pia alikuwa Mwingereza, alitangaza kifaa cha kupima kasi ya juu kabisa ya pumzi inayotoka. Baadaye kilipunguzwa kikawa mrija mdogo wa plastiki ambao mgonjwa anaweza kuutumia nyumbani bila umeme wala betri.

Mrija huo ungali unatumika hadi leo. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu mara tatu na kuchukua kipimo cha juu zaidi. Kisha hukilinganisha na kipimo bora alichowahi kupata akiwa katika hali nzuri. Akifikisha asilimia 80 au zaidi ya kipimo hicho bora, yuko katika eneo la kijani na anaweza kuendelea na shughuli zake. Kati ya asilimia 50 na 79 ni eneo la manjano, yaani tahadhari. Chini ya asilimia 50 ni eneo jekundu, na hiyo ni dharura.

Udhaifu wa mbinu hii ni kwamba hutegemea bidii ya mtu. Lazima akumbuke, apulize ipasavyo na aandike. Wengi huacha baada ya wiki chache, na wengine huijaza daftari yote siku moja kabla ya kwenda kliniki. Kadhalika, mrija hauwezi kumpima mtu aliyelala, ilhali pumu ina desturi ya kuzidi kati ya usiku wa manane na alfajiri.

Aina kuu za vifaa

Vifaa vya kisasa vinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni vihisi vya inhela. Kifaa chepesi hufungwa juu au pembeni mwa inhela ya kawaida. Kila inapobonyezwa, kifaa hurekodi tarehe na saa, kisha hutuma taarifa hiyo kwenye simu kwa njia ya Bluetooth. Vingine hupima pia kasi ya hewa aliyoivuta mgonjwa. Inhela ya nafuu ikianza kutumiwa mara nyingi kuliko kawaida, hasa usiku, hiyo ni ishara kwamba pumu inaelekea kubaya. Inhela ya kinga isipoguswa kwa siku tatu, simu hulia kumkumbusha mwenyewe.

Kundi la pili ni saa na bangili. Nyuma ya saa kuna taa ndogo, mara nyingi ya kijani, inayomulika ngozi. Damu hufyonza sehemu ya mwanga huo, na kiasi kinachorudi hubadilika kwa kila pigo la moyo. Kutokana na mabadiliko hayo, saa huhesabu mapigo ya moyo na kukadiria idadi ya pumzi kwa dakika, hasa mtu anapolala. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Saa pia ina kipima mwendo kinachoonyesha iwapo mgonjwa alilala vyema au aligaagaa usiku kucha, na iwapo ametembea kidogo kuliko ilivyo desturi yake.

Kundi la tatu ni mabandiko ya kifuani. Kwa kuwa yako karibu na mapafu, yanaweza kunasa mengi zaidi. Kipima mwendo kilichomo huhisi kifua kikipanda na kushuka, kipaza sauti kidogo husikiliza kikohozi na ule mlio wa filimbi, na vidoa vya chuma hupokea mawimbi ya umeme wa moyo.

Kundi la nne ni vipima hewa vya kubeba. Hivi havimpimi mgonjwa bali kile anachokivuta: chembechembe za moshi na vumbi, gesi ya ozoni, joto na unyevu. Umuhimu wake ni kwamba watu wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuvuta hewa tofauti kabisa. Mmoja hupikia kuni chumbani na kuuza matunda kando ya barabara kuu, mwingine hukaa ofisini siku nzima.

Mifano ya North Carolina na Delhi

Mfano mmoja unaofahamika wa kuviunganisha vifaa hivi ni mfumo uliotangazwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, Marekani. Kazi hiyo ilifanywa katika kituo chao kiitwacho ASSIST. Mfumo una sehemu tatu: bangili, bandiko la kifuani, na spirometa ya mkononi ambayo mgonjwa huipuliza mara chache kwa siku. Bangili hupima ozoni, mivuke ya kemikali, joto na unyevu wa hewa, pamoja na mapigo ya moyo na mwendo. Bandiko husikiliza kifua na kufuatilia upumuaji.

Lengo la wahandisi hao lilikuwa kuweka taarifa za mazingira na za mwili katika mstari mmoja wa wakati. Endapo ozoni ilipanda saa sita mchana, mapafu yalifanya nini saa nane? Wakijua hivyo, walitumaini kumwambia mgonjwa mapema kwamba leo heri asikimbie nje. Lengo la pili lilikuwa kupunguza matumizi ya nguvu za umeme kiasi kwamba siku moja kifaa kijiendeshe kwa joto la mwili na mwendo wa mvaaji. Hilo si jambo dogo, kwa sababu kifaa kinachohitaji kuchajiwa kila jioni ndicho kinachosahauliwa mezani asubuhi.

Barani Asia, mradi wa DAPHNE uliwashirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzao wa India. Vijana wenye pumu jijini Delhi, mojawapo ya miji yenye hewa chafu zaidi duniani, walivaa kihisi cha kifuani kiitwacho RESpeck kilichofuatilia upumuaji wao, huku wakibeba kipima hewa kiitwacho AirSpeck. Mradi huo una umuhimu kwa mataifa yanayostawi kwa kuwa ulivipeleka vifaa mahali palipo na vumbi, joto na msongamano, badala ya kuviacha katika maabara safi.

Ushahidi unasema nini?

Ushahidi wenye nguvu zaidi hauhusu saa za kifahari bali vihisi vya inhela. Mwaka 2015 watafiti wa Auckland, New Zealand, walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 220 wenye umri wa miaka 6 hadi 15 waliokuwa wamefika hospitalini kwa shambulio la pumu. Wote waliwekewa kifaa cha kuhesabu dozi kwenye inhela ya kinga, lakini nusu tu ndio waliowashiwa sauti ya kukumbusha. Katika kundi lililokumbushwa, kiwango cha kati cha dozi zilizotumiwa kilikuwa asilimia 84 ya zilizoagizwa. Katika kundi lisilokumbushwa kilikuwa asilimia 30. Dawa ilikuwa ileile na watoto walikuwa wa hali moja. Tofauti ilikuwa mlio wa kengele.

Vihisi hivi vimefichua pia udhaifu wa kibinadamu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 kuhusu wavutaji sigara wenye maradhi ya mapafu, baadhi ya washiriki hawakuambiwa kwamba inhela zao zilirekodi saa. Takriban asilimia 30 yao walibonyeza inhela zaidi ya mara 100 katika muda wa saa tatu. Ilionekana wazi kwamba walikuwa wakiimwaga dawa kabla ya kwenda kliniki ili ionekane wameitumia. Miongoni mwa waliojua kwamba wanafuatiliwa, tabia hiyo karibu haikuonekana kabisa.

Mjini Louisville, jimbo la Kentucky, mradi uliofungia vihisi inhela za wagonjwa zaidi ya 1,000 uliripoti mwaka 2018 kwamba matumizi ya inhela ya nafuu yalipungua kwa asilimia 78. Hata hivyo, takwimu kama hizi zinahitaji kusomwa kwa tahadhari panapokosekana kundi la kulinganishwa. Mtu hujiunga na mradi wakati amezidiwa, na pengine angepata nafuu hata bila kifaa.

Tatizo la kudumu ni uvumilivu. Machi 2015 hospitali ya Mount Sinai ya New York ilianzisha utafiti wa pumu kupitia simu za iPhone. Maelfu walijiandikisha kwa muda mfupi, na majibu yao yalionyesha dalili zikiongezeka katika jimbo la Washington wakati wa moto wa misitu. Lakini wengi waliacha kujibu maswali kadiri miezi ilivyosonga. Kifaa kisichovaliwa hakioni kitu.

Kasoro ya kengele za uongo

Makampuni mengi hutangaza kwamba akili unde itabashiri shambulio kabla halijatokea. Hesabu rahisi yaonyesha ugumu wa ahadi hiyo. Tuseme mgonjwa hupata mashambulio katika siku 10 kati ya siku 1,000, na kifaa chake hupatia kwa asilimia 90, siku za shambulio na siku za salama. Kitatambua siku 9 kati ya zile 10 za hatari. Lakini katika siku 990 za salama, kitakosea asilimia 10, yaani siku 99. Kwa jumla kengele italia mara 108, na ni mara 9 tu itakuwa ya kweli. Mgonjwa anayeshtuliwa bure mara 11 hatainuka mara ya 12.

Isitoshe, baadhi ya vipimo havina maana moja. Inhela ya nafuu yenyewe huongeza mapigo ya moyo. Vivyo hivyo homa, hofu, kahawa na kupanda mlima. Saa huona moyo ukienda mbio, ila haijui sababu.

Kipimo cha oksijeni katika damu nacho huwapotosha wengi. Katika pumu, oksijeni huweza kubaki karibu na kiwango cha kawaida hadi shambulio linapokuwa kali, kwa sababu mgonjwa hupumua kwa haraka zaidi kufidia upungufu. Mwongozo wa Uingereza huhesabu kiwango kilicho chini ya asilimia 92 kuwa mojawapo ya ishara za shambulio linalotishia uhai. Kwa hivyo anayesubiri saa imwonyeshe oksijeni imeshuka ndipo aende hospitalini atakuwa amechelewa.

Suala la rangi ya ngozi

Kwa wasomaji wa Afrika, kuna swali jingine lisiloweza kupuuzwa: je, vifaa hivi vilijaribiwa kwa nani? Kipimo cha oksijeni kwa mwanga kilibuniwa na mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Hupitisha mwanga katika ngozi na kukadiria oksijeni kutokana na rangi ya damu. Lakini melanini, rangi asilia ya ngozi nyeusi, nayo hufyonza mwanga.

Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa vipimo hivyo na vipimo vya damu iliyotolewa mshipani. Waliwatazama wagonjwa ambao kifaa kilionyesha wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani hali isiyotisha. Miongoni mwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7 ya vipimo hivyo vilificha upungufu halisi wa oksijeni, ambayo ilikuwa chini ya asilimia 88. Miongoni mwa wagonjwa weupe, ilikuwa asilimia 3.6. Kosa lilikuwa karibu mara tatu kwa mtu mweusi, na lilielekea upande wa hatari: lilimwambia kwamba yu salama ilhali hakuwa salama.

Mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari Februari 2021, na Januari 2025 ikatoa rasimu ya mwongozo inayopendekeza vifaa hivyo vijaribiwe kwa watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali. Hata hivyo, kasoro hii si sawa kwa vipimo vyote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliolinganisha saa kadhaa mwaka 2020 hawakupata tofauti ya kutegemewa katika kuhesabu mapigo ya moyo kwa rangi mbalimbali za ngozi. Makosa yaliongezeka mvaaji alipokuwa akitembea au kufanya kazi kwa mikono. Kwa ufupi, kuhesabu mapigo ni jambo moja na kukadiria oksijeni ni jingine. Nacho kihisi cha inhela na mrija wa kupuliza havihusiani na rangi ya ngozi hata kidogo.

Wanaougua bila kujulikana

Hewa ina sehemu kubwa katika mjadala huu. Desemba 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo jijini London iliamua kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 mwenye pumu kali aliyefariki Februari 2013. Aliishi karibu na barabara yenye msongamano wa magari. Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza wa aina yake nchini Uingereza. Mwaka 2021 WHO ilipunguza kiwango kinachopendekezwa cha chembechembe ndogo hewani hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka.

Nchini Kenya, utafiti uitwao Tupumue ulichunguza watoto wa shule 2,373 katika mitaa miwili ya Nairobi inayokaribiana, Mukuru na Buruburu. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, ni miongoni mwa walioufanya, na matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Watoto wa Mukuru, ambao huvuta moshi na vumbi zaidi, walikuwa na dalili nyingi zaidi: asilimia 9.5 walikuwa na mlio wa filimbi kifuani, ikilinganishwa na asilimia 6.4 ya wenzao wa Buruburu. Lakini waliowahi kuambiwa na daktari kwamba wana pumu walikuwa asilimia 1.2 Mukuru na asilimia 2.8 Buruburu.

Takwimu hizo zinafaa kuwekwa mbele ya kila anayepigia debe vifaa vya kuvaliwa. Kihisi humfuatilia mtu aliyekwisha kutambuliwa kuwa mgonjwa. Mtoto anayekohoa kila usiku na kupewa dawa ya mafua tu hatafikiwa na saa wala bandiko. Waliolemewa zaidi na dalili ndio waliotambuliwa kwa uchache zaidi, na teknolojia ikiingia kupitia maduka ya bei ghali itaongeza pengo hilo badala ya kulipunguza.

Njia ya kati ipo. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kupitia mradi wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kimetengeneza vipima hewa vya gharama nafuu vinavyostahimili vumbi na joto, na baadhi vilifungwa kwenye pikipiki za bodaboda jijini Kampala. Kipima hewa kimoja kilichowekwa katika uwanja wa shule hutumikia mamia ya watoto kwa pamoja, wenye simu na wasio na simu.

Siri ya mgonjwa

Kihisi kinachojua saa mgonjwa alipoamka, alikokuwa na dozi alizoziruka kina siri nyingi za mtu. Taarifa hizo zikifika kwa mwajiri au kampuni ya bima, zinaweza kutumika dhidi yake. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huziweka taarifa za afya katika kundi la data nyeti. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilifuata mwaka 2023. Hata hivyo, programu nyingi huhifadhi taarifa katika mitambo iliyo ng'ambo, na mtumiaji hubonyeza kukubali masharti bila kuyasoma.

Lipo pia suala la uhai wa biashara yenyewe. Desemba 2018 Marekani iliidhinisha inhela ya kampuni ya Teva iliyokuwa na kihisi ndani yake. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliacha kuziuza inhela za aina hiyo nchini humo. Mgonjwa anayetegemea programu moja kwa kila kitu anapaswa kuwa na njia nyingine ya kujipima iwapo itafungwa.

Mgonjwa afanye nini?

Kwanza, athibitishe ugonjwa. Kikohozi cha usiku au mlio wa kifua unaojirudia unahitaji kupimwa na mhudumu wa afya, si kubahatishwa na saa.

Pili, apate dawa ya kinga na kuitumia kila siku kama alivyoagizwa. Fedha zikitosha jambo moja tu kati ya saa ya kisasa na inhela ya kinga, inhela ije kwanza. Mbinu ya kuvuta dawa nayo ni muhimu. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri chini na kuunganishwa na inhela, huwapelekea watoto dawa mapafuni sawa na vyombo vya dukani.

Tatu, ahesabu. Asiye na kihisi anaweza kuandika kwenye kalenda kila anapotumia inhela ya nafuu na kila anapoamshwa na pumu usiku. Akiihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au akiamka hata usiku mmoja, amweleze daktari. Mrija wa kupuliza ukipatikana, autumie asubuhi na jioni.

Nne, aliye na saa au bandiko atazame mwelekeo wa wiki nzima, si tarakimu ya dakika moja, na aende na kumbukumbu hizo kliniki. Asipunguze wala kuongeza dawa kwa sababu ya kifaa pekee.

Mwisho, zipo dalili zisizohitaji kifaa chochote. Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikigeuka rangi ya samawati au kijivu, mtoto akivuta mbavu ndani kwa kila pumzi, au inhela ya nafuu ikikosa kusaidia, aketishwe wima, aendelee kupewa inhela hiyo kupitia chupa, na apelekwe hospitalini mara moja, hata kama saa iliyo mkononi inaonyesha kwamba kila kitu ni shwari.